Goti la Wankyo

Wankyo wa Kasmiri hakuwa mtu wa kukubali jambo kwa kuambiwa mara moja, na kijiji kizima pale kwenye rasi ya Majita kilimjua hivyo na kilimchukia kidogo kwa sababu hiyo. Ukimwambia mvua inakuja, atakuuliza nani mwingine kasema. Miaka ya soko huria ilipofika, wakala wa kiwanda cha samaki alikuja na gari lake jeupe akitaka kipande cha ufuko, akakipima kwa hatua zake mwenyewe, akawanywesha wanaume soda, na mkutano ukawa umekwisha kukubali. Wankyo akasimama kule nyuma walikoketi wanawake, akasema ufuko upimwe tena na mtu mwingine asiyekunywa soda. Walimzomea. Ulipopimwa, ikaonekana hatua za wakala zilikuwa zimemeza njia ya kwenda kuchota maji. Hakuna aliyemshukuru, lakini tangu siku hiyo watoto walimwita Mama Mwingine, maana neno hilo halikumkauka mdomoni: mwingine aone, mwingine apime, mwingine aulizwe.

Wakwe zake walipenda kusema kwamba ubishi ule alizaliwa nao, kwamba Wazanaki ndivyo walivyo. Waongo wakubwa. Wankyo alizaliwa Butiama kwa wafugaji, akaolewa ziwani na Kasmiri, mvuvi mpole, Mkatoliki wa kusali kila Jumapili, asiyejua kupandisha sauti hata kwa mbwa. Miaka yote ya mwanzo ya ndoa yake alikuwa mkamwana wa kupigiwa mfano. Akiambiwa lima pale, analima. Akiambiwa nyamaza, ananyamaza. Kilichomgeuza ni mguu wake wa kulia, mwaka wa themanini na nne, ulipotakiwa kukatwa na watu wote wakawa wamekwisha kukubali isipokuwa yeye.

Walioishi mwaka ule hawahitaji kukumbushwa. Unga ulikuwa wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, tena kwa foleni. Sabuni ilikuwa habari ya magendo, na ukikutwa na katoni nzima unaitwa mhujumu uchumi. Nyuzi za nailoni za kufumia nyavu zilitoweka kabisa, wavuvi wakarudi kwenye kazi ya babu zao: wakasokota nyuzi za pamba, wakafuma, kisha wavu ukachemshwa kwenye pipa la magome ya miti mpaka ukawa na rangi ya kahawia iliyokolea karibu na weusi. Bila dawa ile ya magome, wavu wa pamba huoza ndani ya maji upesi sana. Kazi ya kuchemsha ilikuwa ya wanawake, na msimu wa kuchemsha ukifika, mikono ya Wankyo na ya mama mkwe wake, Bibi Pelagia, ilikuwa na rangi ya wavu mpaka viwikoni. Haikutoka kwa maji wala kwa majivu. Ilisubiriwa tu itoke yenyewe.

Msiba ulianza na gogogo. Huyu ni samaki mdogo asiye na faida, mwenye miiba iliyosimama, na wavuvi wakimkuta wavuni humlaani na kumtupa hapohapo ufukoni. Wankyo alimkanyaga mmoja alipokuwa anaanika dagaa. Akauchomoa mwiba, akapaka mate, akaendelea na kazi. Baada ya siku chache wayo ulikuwa umefura na unanuka, homa ikampanda, akaanza kuongea na watu wasiokuwepo. Zahanati ya kijiji haikuwa na hata aspirini. Kuanzia hapo hakukumbuka tena kitu. Alipopata fahamu alikuwa amelala kwenye kitanda cha hospitali moja mjini Musoma, mguu umefungwa bendeji kuukuu kuanzia vidole hadi juu ya goti, na Kasmiri amekaa kando yake anaangalia sakafu.

"Daktari amesema mguu inakatwa kesho," Kasmiri alimwambia. "Na mimi nimeshakubali, Mama Stanislausi. Ningefanyaje?"

Wankyo alijiinua kwa kiwiko, akauliza.

"Inakatwa kuanzia wapi?"

Kasmiri hakujua. Hakuuliza. Hapo ndipo pa kukasirika, na Wankyo alikasirika kweli, homa na yote. Neno mguu katika Kiswahili chetu limekuwa karimu kupita kiasi: kuanzia nyonga mpaka ukucha wa kidole cha mwisho, vyote ni mguu. Mtu akikwambia mguu unakatwa, hajakwambia kitu bado. Na mume wake alikuwa amekubali hicho kitu ambacho hakijasemwa, akaweka na dole gumba.

Asubuhi daktari alipopita wodini, muuguzi alimwonya Wankyo kwamba daktari ana haraka na wagonjwa hawamuulizi maswali. Wankyo akauliza. Daktari huyo, Wenceslaus, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwembamba, macho mekundu, amevaa koti lililofuliwa bila sabuni mpaka likawa na rangi ya maziwa yaliyochacha, na ndiye peke yake aliyekuwa akipasua watu pale wakati ule. Aliweka ukingo wa kiganja chake juu ya paja la Wankyo, juu kabisa ya goti, kuonyesha mahali.

Wankyo akauliza kwa nini pale na si chini. Daktari akamweleza, na alimweleza kwa heshima. Mguu umekuwa mweusi karibu mpaka gotini, na weusi ule maana yake ni uozo unaopanda. Mashine ya eksirei ipo lakini filamu hakuna nchi nzima, kwa hiyo mfupa hawezi kuuona. Penisilini iliyobaki ni ya kuhesabu. Akikata chini, uozo ukawa umekwisha kupita, itabidi akate tena, na mara ya pili mgonjwa hatapona. Akikata juu ya goti, angalau mtu atarudi nyumbani akiwa hai.

Wankyo akajifinya shavu la mguu kwa juu ya bendeji, kwa nguvu, na uso ukamkunjamana.

"Hapa nasikia," alisema. "Nyama iliyokufa inasikiaga?"

"Maumivu si kipimo, mama."

"Na hili goti nalikunja, linakunjika. Umeliona ndani?"

"Nimeona weusi wa nje. Ndani sina cha kuonea."

"Basi mimi sikatai kazi yako, daktari. Nataka mwingine naye aone."

Muuguzi alimtolea macho Wankyo kana kwamba amemtukana mtu kanisani. Daktari alisema hakuna mwingine pale, ni yeye tu. Wankyo akajibu kwamba basi yupo mwingine pengine. Daktari akamwambia wazi, bila kuzungusha, kwamba kila siku anayochelewa ni hatari, na kwamba anaweza kufia njiani.

"Kama ni kufa," Wankyo alisema, "nitakufa nimeuliza."

Alijua anachokilinda. Mwanamke mwenye goti, hata akipoteza wayo, anaweza kuchuchumaa. Anapalilia mhogo, anageuza dagaa juani, anajisitiri chooni bila kushikwa na mtu. Asiye na goti, kwa kijiji chao chenye mawe na miteremko, angeketi kwenye mkeka uani kwa mama mkwe akisubiri kuletewa kila kitu, na kila kilicholetwa kingeletwa pamoja na neno. Wanawake wa namna hiyo aliwaona. Mmoja alikuwa shangazi yake Kasmiri, aliyekaa mkekani mpaka watu wakasahau jina lake. Wankyo alikuwa bado kijana, na alikuwa na watoto wanne. Hakuwa tayari kusahauliwa jina.

Kasmiri aliona aibu kubwa, akatuma ujumbe Butiama kwa shemeji yake, Magesa, kaka mkubwa wa Wankyo, aje amtie akili dada yake. Magesa alifika kesho yake na fimbo yake ya kuchungia, akatembea kutoka stendi akipita mtaa wa Iringo, kwenye maduka yaliyokuwa yanauza majani ya chai na viberiti tu, akanunua viberiti kwa kuwa hakukuwa na kingine cha kumpelekea mgonjwa. Akakaa ukingoni mwa kitanda. Akasikiliza pande zote. Kisha akasema alichotumwa kusema: daktari amesoma, mume amekubali, na dada yake asilete maneno ya Butiama katika mji wa watu.

Wankyo hakulia, ingawa ilimuuma sana, maana kaka huyo ndiye aliyekuwa tegemeo lake la mwisho. Alikaa wima kwa kujivuta kwa mikono.

"Kaka," alisema, "siku ng'ombe zangu za mahari zilipotoka Majita, ulizipokea hivihivi?"

Magesa akasema hapana, na swali hilo lilimshangaza. Kwao ng'ombe wa mahari hawapokelewi hivihivi. Wakaguzi wa upande wa binti huenda kuwaona zizini, na wakikataa mmoja, upande wa mume una haki ya kuita jicho lingine, mtu asiye wa ukoo huu wala ule, naye aone. Hakuna anayekasirika. Ndivyo ilivyo.

"Na yule mwekundu, mkaguzi wetu alisemaje?"

Magesa akakohoa. Mkaguzi wao, ambaye ni mjomba wao, alimkataa yule mwekundu. Alisema anakohoa, ana ugonjwa wa mapafu, arudishwe au achinjwe. Jicho lingine lilipoitwa, likamfungua kinywa, likakuta kipande cha gunzi kimekwama kooni. Gunzi likatolewa. Yule mwekundu ndiye aliyezaa nusu ya zizi la Magesa, na kila mtu Butiama alijua kwamba Magesa akilewa humsifu ng'ombe yule kuliko anavyomsifu mkewe.

"Ng'ombe aliangaliwa na watu wawili," Wankyo alisema. "Mimi niliyeolewa kwa ng'ombe huyo naangaliwa na mmoja. Na nyinyi wote mmesema sawa."

Magesa akazungusha fimbo yake mikononi kwa muda mrefu, kisha akamgeukia shemeji yake, akasema kwa sauti ya mtu aliyeshindwa kesi na hana kinyongo, kwamba kwa kweli huyu ana haki yake. Kulikuwa na hospitali ya masista upande wa Bunda, na ilisemekana wao wana filamu zilizoletwa na wafadhili. Wangempeleka huko.

Daktari Wenceslaus alipoambiwa alikunja uso. Alisema mara ya pili kwamba hakubaliani, na kwamba lawama zisije kwake. Kisha akaenda mwenyewe kwenye kabati, akarudi na sindano ya penisilini, akamdunga Wankyo kwa mkono wake, akampa na kichupa cha nyingine adungwe njiani. Wankyo hakusahau jambo hilo. Baadaye, watu walipotaka kumtukana daktari yule mbele yake, aliwanyamazisha.

Usafiri ulikuwa lori la pamba. Dizeli ilikuwa ikitolewa kwa vibali, na msimu ule magari yaliyopewa yalikuwa ya kuwahisha pamba kiwandani. Lori lilitoka Musoma tupu, likapita Butiama kupakia, na Wankyo akapandishwa juu ya marobota pamoja na mume na kaka, mguu umeegemezwa kwenye gunia. Pale Butiama mama zake wadogo walimjia wakilia, wakataka ashuke. Walikuwa na mtu wao wa mizizi, bingwa, aliyeponya wengi. Wankyo akawaambia kutoka kule juu kwamba alisema daktari mwingine, hakusema mzizi mwingine, na dereva awashe gari. Mmoja wa wale wanawake alimwita mwana asiye na adabu. Ilimchoma, lakini alikuwa amekwisha kuamua kwamba mwaka ule adabu ingesubiri.

Walilala Kabasa, kwa jamaa wa Magesa anayenunua ngozi, na asubuhi wakafika kwa masista.

Aliyempokea alikuwa daktari mtawa, Sista Ursula, mwanamke mnene, mwenye sauti ya taratibu na mikono myepesi. Alimlaza kwenye chumba chenye dirisha kubwa. Akaifungua bendeji yote, kazi ambayo haikuwa imefanyika kwenye mwanga tangu Wankyo alipougua. Harufu ilijaza chumba. Vidole vilikuwa vimekwisha, hilo halikuhitaji daktari. Lakini juu ya kifundo, ngozi ile nyeusi ilimfanya Sista ainame karibu zaidi. Akachukua pamba, akailowesha spiriti, akasugua.

Pamba ikatoka na rangi ya kahawia. Ngozi ya chini yake ilikuwa imepauka kidogo, lakini ilikuwa ngozi hai.

"Mlimtia nini huku?" Sista aliuliza.

"Hatukutia kitu, Sista," Kasmiri alijibu haraka.

Ndilo jibu alilotoa Musoma pia, na kila mtu wa kijijini angelitoa. Wauguzi wa siku zile walikuwa wakikusikia umetumia dawa ya nyumbani wanakufokea mbele ya watu mpaka utamani ardhi ipasuke. Kwa hiyo watu walijifunza kusema hapana kabla swali halijaisha. Kasmiri hakusema kwa ubaya. Alisema kwa mazoea.

Wankyo aliitazama ile pamba mkononi mwa Sista. Rangi ile aliijua. Alikuwa ameivaa mikononi kila msimu wa kuchemsha, aliijua hata harufu yake, na sasa alielewa jambo lote kwa mara moja. Alielewa pia kwamba akilisema, atakuwa amemtaja mama mkwe wake kwa kosa mbele ya wageni, na kwao hakuna mkamwana aliyewahi kufanya hivyo akarudi nyumbani salama. Kasmiri naye alielewa. Alimwangalia mkewe kwa macho ya kuomba.

"Ni dawa ya wavu," Wankyo alisema. "Mama mkwe alinipaka nikiwa sina fahamu. Baba Stanislausi, sema kweli."

Kasmiri akasema kwa sauti ndogo kwamba mama alifikiri, kama inazuiaga wavu kuoza, itazuia na mguu. Aliupaka mguu wote mpaka karibu na goti, mara nyingi, siku zote zile za homa. Alipaka huku analia, Kasmiri alisema. Alitaka hilo nalo lijulikane.

Sista Ursula hakucheka, wala hakufoka. Alimpeleka Wankyo kwenye mashine, akatumia filamu moja kati ya chache alizokuwa nazo, na jioni akaja nayo, akaiinua dirishani ili wote waone. Mifupa ya vidole na ya ukingo wa wayo ilikuwa imeliwa. Kuanzia kisigino kwenda juu, mfupa ulikuwa safi.

Akawaambia jambo lingine, ambalo Kasmiri hakupenda kulisikia. Alisema yule daktari wa kwanza hakukosea kwa alichokiona. Aliona mguu mweusi kwenye chumba cha giza, na aliambiwa hakuna kilichopakwa. "Na mimi kwa maneno hayo ningekata palepale," alisema.

"Sasa utakata kuanzia wapi?" Wankyo akamuuliza.

Sista akachukua dawa ya zambarau na kijiti, akachora mstari juu ya wayo, nyuma kidogo ya vidole. Wankyo aliutazama mstari ule. Vidole vyake vitano vilikuwa upande wa mbele, na aliviaga kimoyomoyo, kwa maana alikuwa anavipenda kama mtu yeyote anavyopenda vidole vyake. Goti, shavu la mguu na kisigino vilikuwa upande wake.

"Hapo sawa," alisema. "Kata."

Alirudi Majita mvua za vuli zilipoanza. Magesa alimkatia makatambuga, viatu vya tairi, la mguu wa kulia likiwa fupi na limejazwa matambara mbele, na alikuwa anatembea akichechemea, kisigino kinagonga ardhi, lakini anatembea mwenyewe. Habari zilikuwa zimetangulia. Bibi Pelagia alikuwa amepewa jina kijijini, Bibi Wavu, na wanawake wenzake walikuwa wakimuuliza kanisani kama ameleta pipa. Hakutoka nje kumpokea mkamwana wake. Alibaki ndani, amegeuzia uso ukutani.

Baraza la ukoo likaitishwa, likiongozwa na Mzee Rafaeli, baba mdogo wa Kasmiri. Mashtaka yalikuwa mafupi. Mkamwana amemtaja mama mkwe kwa kosa mbele ya wageni, na jina la nyumba limechafuka mpaka Bunda. Hakuna aliyesema kwamba alichosema ni uongo. Hilo halikuwa na uzito. Hukumu nayo ilijulikana kabla ya kikao: atatoa mbuzi, na mbele ya watu wote atampigia magoti Bibi Pelagia na kuomba msamaha, ndipo kitu kiishe na mbuzi aliwe.

Wanaume walikuwa wameketi kwenye vigoda, wanawake chini kwenye mikeka, Bibi Pelagia katikati yao amejitanda kanga mpaka kwenye nyusi. Wankyo alisimama. Kasmiri alimsogelea akamnong'oneza, piga tu mara moja, yaishe. Alikuwa na nia njema, maskini. Mwenyewe alikuwa amekwisha kumfunga mbuzi pale mtini.

Wankyo hakumjibu. Aliinua upindo wa kanga yake kidogo, watu wakaliona lile katambuga fupi, na mguu wenyewe, mwembamba, uliokuwa bado na mabaka ya rangi ya wavu.

"Mbuzi ni halali yenu," alisema. "Nilisema neno la nyumbani kwa watu wa nje, nalijua kosa langu, na mama namwomba msamaha hapahapa nikiwa nimesimama. Lakini goti sipigi. Hili goti nyinyi mlishaligawa. Mume wangu aliligawa, kaka yangu alitaka kuligawa, na hapa nyumbani hakuna hata mmoja aliyeuliza linakwenda wapi. Nimeenda kulirudisha mwenyewe. Sasa ni la kwangu, na nitalipiga siku nitakayotaka."

Mtu mmoja alisonya. Mzee Rafaeli alisafisha koo, akasema baraza halijawahi kujibiwa hivyo na mwanamke, na kwamba mwenye kukosewa ndiye aseme kama anaridhika. Wote wakamgeukia Bibi Pelagia.

Bibi Pelagia aliondoa kanga usoni. Alikuwa amekonda tangu msimu wa kiangazi, na hakuangalia wazee, alikuwa anaangalia ule mguu. Aliangalia mabaka yale aliyoyapaka kwa mkono wake, kisha akainuka kwa shida, akaingia ndani. Watu wakanong'ona kwamba amekataa, kwamba sasa mkamwana atarudishwa Butiama na ng'ombe watadaiwa. Kasmiri alijishika kichwa.

Akatoka amebeba kigoda chake mwenyewe, kile asichokalia mtu mwingine nyumba nzima. Akakiweka nyuma ya Wankyo.

"Kaa," alisema. "Huo mguu haujapona."

Wankyo akaketi. Mzee Rafaeli akangoja mtu apinge, hakupinga mtu, na kikao kikaendelea mpaka mwisho mkamwana akiwa juu ya kigoda, mbele ya wanaume.